Madoa ya Namba Kumi na Saba

Namba kumi na saba ilifutwa ubaoni saa nne asubuhi, mbele ya watu, na kitambaa kilichoifuta kilikuwa kile cha kufutia meza ya chai. Aurélio, chefe wa mafundi wa kuchomelea, hata hakujisumbua kumtazama mwenye namba. Alifuta, akapuliza chaki vidoleni, akasema kama mtu anayesoma orodha ya misumari, "Jamaldine, mishono minne. Nenda kakae getini mpaka nikuite."

"Minne ipi, chefe?" Jamaldine aliuliza. Kofia ya kuchomelea ilikuwa bado kichwani, kioo kimeinuliwa juu.

"Thelathini na nane, thelathini na tisa, arobaini na moja, arobaini na nne. Yote ina tungsteni ndani. Mitatu tu inamtoa mtu, wewe umetupa na nyongeza."

"Sijagusa. Wallahi sijagusa hata mara moja."

"Usiniapie mimi. Kaiapie filamu."

Watu wakacheka. Hawakumchukia Jamaldine, la, ila kila mmoja alikuwa na namba yake ubaoni na alishukuru haikuwa yake iliyofutwa. Jamaldine akavua kofia, akaikumbatia kifuani, akaenda kukaa getini kwenye benchi la watu wanaosubiri kibarua. Mmoja wao, hamjui wala hajui lililotokea, alimsogelea kwa heshima akamwomba amsaidie kupata kazi.

Tuelewane kidogo hapa, maana bila hili hamtajua kwa nini fundi mzima alipelekwa benchi. Kampuni ilikuwa inajenga bohari ya mafuta nje kidogo ya mji wa Palma, na mabomba yote yaliungwa kwa mkono. Jioni, wafanyakazi wakishaondoka na kamba za hatari zikishafungwa, kila mshono ulipigwa picha ya mionzi, kama hospitali wanavyopiga kifua cha mgonjwa. Mafundi wengine walichomelea kwa fimbo za kawaida. Jamaldine peke yake alifanya yale mabomba membamba, kwa sindano ya tungsteni, na sindano hiyo ina sharti moja tu, iyeyushe chuma bila kukigusa. Ikigusa, chembe inakatikia ndani. Tungsteni ni nzito kuliko chuma, mionzi haiipenyi vizuri, na kwenye filamu chembe hiyo inatokea kuwa doa jeupe.

Sasa, anayepakia filamu hizo kabla ya picha na kuziosha baada ya picha alikuwa nani? Mkewe. Nazira alikuwa amesimama mlangoni mwa kontena jeusi, ndoo ya maji mkononi, akaona kila kitu tangu kitambaa kinachukuliwa mezani. Filamu zile nne alikuwa ameziosha yeye mwenyewe alfajiri, akazitundika zikauke, akazipeleka kwa msomaji bila kujua anampelekea nani kisu. Aibu ilimwingia. Akarudi ndani, akafunga mlango, akakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa na kulia kwa dakika kama tano hivi, halafu akanawa.

*

Msomaji wa filamu alikuwa dona Alzira, mama wa Kimakonde kutoka Mueda, mfupi, mwenye pumu na miwani miwili, mmoja wa kusomea na mmoja wa kukasirikia watu. Ndivyo mafundi walivyosema. Alikaa kwenye chumba chenye meza ya taa, akaiweka filamu juu ya mwanga, na kitu cha kwanza alichokitafuta hakikuwa kosa. Alitafuta waya.

Wapiga picha, kabla ya kuwasha mionzi, huweka juu ya bomba kijiplastiki chenye nyaya saba zilizopangwa, wa kwanza mnene, wa mwisho mwembamba kupita unywele wa mtoto. Nyaya hizo nazo hutokea nyeupe kwenye filamu. Waya wa tano ukionekana, picha ni nzuri, maana jicho lililoweza kuona uzi ule litaona na kosa la ukubwa ule. Usipoonekana, filamu inatupwa, hata kama mshono ni wa dhahabu. Dona Alzira aliuamini waya wa tano kuliko alivyoamini watu, na kwa kazi ile hakuwa amekosea.

Nazira aliingia kwake saa sita, mtandio ameushikilia chini ya kidevu.

"Dona, samahani. Naomba uziangalie tena."

"Nimeziangalia mara mbili."

"Mara ya tatu, dona."

Alzira akavua miwani, akavaa ule mwingine. "Nazira, kwenye filamu hizo nauona waya wa sita. Wa sita! Tangu nije hapa sijapata picha safi kama hizo, na ni wewe umeziosha, nilitaka hata kukusifu. Sasa filamu inayoona waya wa sita inidanganye kuhusu doa? Na wewe ni mkewe. Usiniweke pabaya, binti yangu. Chukua, kaziweke kwenye droo ya zilizokataliwa."

Nazira akazichukua. Nje jua lilikuwa kali. Akasimama nyuma ya kontena, pasipo na mtu, akainua ya kwanza juu mbinguni aitazame kama anavyotazamwa maiti na mtu wake, kwa mara ya mwisho. Mshono ule pale, madoa mawili meupe ndani yake, kweli. Nyaya zile pale. Kisha jicho likateleza pembeni.

Kulikuwa na doa jingine. Halikuwa kwenye mshono. Lilikuwa kwenye bomba lenyewe, vidole vitatu kutoka mshono, mahali ambapo sindano ya mumewe haikufika hata kwa bahati mbaya. Na jingine karibu na ukingo. Akatoa filamu ya pili, hivyo hivyo. Ya tatu, ya nne, madoa yametawanyika ovyo.

"Tungsteni imefikaje huku?" alijisemea. "Imetambaa?"

Alielewa upesi kwa nini dona Alzira hakuyaona. Meza ya taa ina mwanga mkali unaoumiza macho, basi Alzira hufunika filamu kwa karatasi nyeusi yenye kidirisha, na kidirishani unabaki mshono peke yake. Ni kanuni nzuri, kila msomaji anaifuata. Lakini madoa ni nini, na yametoka wapi, hilo Nazira hakulijua bado. Alikuwa tu na furaha na hofu pamoja, asijue ipi ishike mbele.

*

Saa tisa ndiyo saa ya kupakia. Nazira aliingia kontena, akafunga mlango, akawasha balbu nyekundu. Mle ndani mlikuwa na joto la kuivisha muhogo na harufu ya dawa za kuoshea iliyokuwa imemtoa vipele mashavuni tangu mwezi wa kwanza wa kazi. Akafanya kama alivyozoea kufanya kwa wiki mbili sasa. Akafungua kikopo, akatia matone ya maji, akajipaka msiro usoni.

Msiro kila nyumba ya pwani hii inaujua. Mti unasuguliwa juu ya jiwe na maji kidogo, unatoka ute mweupe wenye harufu nzuri, mwanamke anajipaka, ngozi inapoa na kulainika. Mama mkwe wake, bi Mwajuma, ndiye aliyemsugulia. Wifi yake alikuwa anaolewa mwisho wa mwezi, na bi Mwajuma alikuwa ameapa kwamba mke wa mwanawe hataingia kwenye ngoma ya watu na mashavu yenye vipele. Mjini Pemba, kwenye mafunzo, waliambiwa wasipake krimu wala mafuta wala poda wakiwa kazini na filamu. Lakini msiro si krimu, ni mti na maji. Tena gizani nani atamwona? Akimaliza kupakia alinawa, akatoka uso mkavu, hakuna aliyejua.

Kupakia kwenyewe ni hivi. Filamu inalazwa katikati ya mabati mawili membamba ya risasi, risasi ile ile laini ambayo wavuvi wa kisiwa cha Macaloe wanatengenezea chubwi za nyavu, kisha yote yanatiwa ndani ya bahasha nyeusi. Mionzi ikipita, mabati yale yanasaidia picha iwe nzito na safi. Lakini kikiwepo kitu kati ya bati na filamu, hata vumbi, pale pale filamu haipati nguvu yake, inabaki nyeupe.

Nazira alikuwa anaimba, kama kawaida yake, nyimbo za arusi anazojizoeza. Msiro ulikuwa umekauka. Alipofungua bahasha ya kwanza na kuinamia bati, akafikia pale penye kiitikio, pale panapotaka mashavu yafunguke, na kitu kikadondoka. Kigamba cheupe, kidogo kama chawa. Kikatua katikati ya bati la kijivu. Akanyamaza. Kingine kikafuata.

Alijishika shavu. Vidole vikarudi na unga.

"Ya Allah," alisema. "Ni mimi."

Akasimama hapo mikono imening'inia. Madoa yalikuwa yakiangukia filamu za mafundi wote, bila shaka, lakini kwa wale wa fimbo doa jeupe husomwa kuwa tone la chuma lililorukia juu ya bomba, unapiga brashi, imekwisha. Mwenye tungsteni ni mmoja tu, na kwake doa jeupe lina jina moja tu. Alikuwa amemchafua mumewe kwa mikono yake, tena huku anaimba.

Kitambaa cha kufutia kilikuwa pale pembeni. Angefuta mabati yote, angenawa, angetupa kikopo, na kuanzia kesho filamu zote zingekuwa safi na hakuna ambaye angejua milele. Alikiinua kitambaa. Kisha akafikiria benchi la getini. Akayafuta mabati ya bahasha zote isipokuwa moja, ile iliyokuwa imebeba filamu ya mshono wa arobaini na nne. Hiyo akaifunga kama ilivyo, na uchafu wake, akaiandikia "usiguse".

*

Jioni, jua bado lipo, Jamaldine alikuwa amekaa uani anamenya mihogo, kazi ambayo hakuna aliyemtuma. Mtoto wao Sumaia alikuwa anahesabu maganda kwa Kireno na kukosea. Bi Mwajuma alikuwa jikoni. Jirani wawili walikwishapita kutoa pole, na mmoja alikuwa ametoa pole ndefu mno.

Nazira aliwaeleza yote amesimama. Alijua akikaa hatamaliza.

Wa kwanza kusema alikuwa bi Mwajuma, mwiko mkononi. "Msiro wangu? Msiro wangu ndio umemwachisha mwanangu kazi?"

"Si msiro, mama. Ni mimi kuupaka mahali pasipo pake."

"Bibi yangu alijipaka, mama yangu alijipaka, tulipokimbia vita tukalala maporini niliutia kwenye kanga kabla ya sufuria. Haujawahi kumdhuru mtu. Leo unaambiwa umeingia kwenye chuma!" Machozi yakamtoka mama wa watu, akageuka asionekane.

Jamaldine alimenya muhogo ule mpaka mwisho. Halafu akatupa kisu kwenye beseni.

"Nimekaa benchi na watu wananiuliza kama najua kazi. Mimi! Nimeanza kuchomelea hujajua hata moto wa mkaa. Nimerudi njia nzima najiuliza mkono wangu umepatwa na nini, labda macho, labda nimezeeka. Kumbe mke wangu anajipamba gizani?"

"Ndiyo, baba Sumaia."

"Ndiyo tu?"

"Niseme nini? Nimekosa. Kesho nawaambia."

Hasira ikamtoka mtu yule mara moja, ikabaki hofu, nayo hofu ilikuwa mbaya zaidi. "Usiwaambie," alisema taratibu. "Watakutoa na wewe. Halafu tukae wote wawili, tule nini? Mimi nitakwenda Macaloe kwa kaka, nitavua. Wewe baki na kazi yako. Futa mabati yako, nyamaza."

"Uvue na kutapika kwenye chombo, kama mwaka ule?"

Bi Mwajuma, na machozi yake, alicheka puani. Jamaldine naye alitaka kucheka akajizuia.

"Hawatakuamini," alisema. "Watasema mke anamtetea mume."

"Najua. Ndiyo maana sitaki waniamini mimi. Nimeacha bahasha moja chafu. Wapige picha ya bati tupu la chuma, lisilo na mshono wowote. Madoa yakitokea na huko, waniambie ni nani alichomelea."

Jamaldine alisogeza beseni kando. "Hilo umelifikiria mwenyewe?"

"Kwani nani mwingine yuko mle ndani na mimi?"

Usiku ule bi Mwajuma hakusugua msiro. Lakini asubuhi, Nazira anatoka, alimsimamisha mlangoni, akampangusa mashavu kwa upindo wa kanga yenye maji, kulia na kushoto, kama anavyofanyiwa mtoto wa siku ya kwanza ya shule. "Nenda," akasema. "Uwaambie mama mkwe wako hakujua."

*

Aurélio alipomsikia Nazira aligonga meza ya ofisi kwa furaha. "Nilijua! Nilisema leo lazima tusikie kitu. Mke analeta kisa cha vipodozi. Kesho mama mkwe ataleta cheti cha daktari!"

"Chefe, sijamaliza."

"Umemaliza. Dona Alzira, huyu amevunja kanuni kwa mdomo wake mwenyewe. Andika barua, atoke, na mumewe atoke, twende kazini."

Dona Alzira alikuwa ameshaanza kazi. Alikuwa ameshatoa filamu za droo, amezilaza juu ya meza ya taa, na mkono wake ulikuwa unaiondoa ile karatasi nyeusi yenye kidirisha. Mwanga ukampiga machoni, akakunja uso, akatazama. Doa la pembeni, vidole vitatu kutoka mshono. Doa la ukingoni. Akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena, miwani ile ile.

"Miaka kumi na moja," alisema. "Miaka kumi na moja nafundisha watu kwamba kwanza mtu atazame filamu nzima, ndipo afunike. Jana nilikuwa na filamu tisini mezani na gari la kwenda Awasse linanisubiri. Nikaona waya wa sita nikafurahi. Nikafunika."

"Dona, ratiba," alisema Aurélio. "Jumatatu mabomba yanajazwa maji ya majaribio."

"Jioni hii nafunga eneo. Tunapiga bati tupu kwa bahasha hiyo chafu, na tunarudia mishono yote minne kwa bahasha safi. Nitapakia mimi, mkono wangu. Huyu asiguse."

"Na kuosha? Aoshe mke?"

"Dawa zile zinanifunga kifua, unajua. Utaosha wewe?"

Aurélio alitazama kontena jeusi, akatazama viatu vyake. Kisha alimpita Nazira mlangoni bila kumpisha, bega likamgonga.

Siku ile Nazira alifagia. Hakuwa na kazi nyingine aliyoruhusiwa. Alifagia mbele ya ofisi, mbele ya stoo, mpaka mbele ya ubao wenye nafasi tupu kati ya kumi na sita na kumi na nane, na kila aliyepita alikuwa na neno. "Dona Msiro, salama?" "Tupakeni na sisi, tupendeze kwenye filamu!" Aliitikia salama, akaendelea kufagia. Jamaldine alikuwa kule benchi, na mchana Nazira akampelekea chakula mbele ya wote, akakaa naye, wakala sahani moja.

*

Kesho yake asubuhi aliosha filamu tano. Gizani, chini ya balbu nyekundu, alizitingisha taratibu kwenye dawa ya kwanza, akahesabu dakika kwa sauti, akazitia maji, akazitia dawa ya pili. Uso wake ulikuwa mtupu na vipele vyake.

Ya bati tupu ilikuwa na madoa saba. Yalikuwa yametapakaa kwenye kijivu kitupu, hakuna mshono, hakuna bomba, hakuna Jamaldine. Alipoyaona alicheka peke yake gizani, akaziba mdomo. Kisha akainua zile nne, maji yanachuruzika, akazipitia moja moja, upande hadi upande. Thelathini na nane, safi. Thelathini na tisa, safi. Arobaini na nne, safi. Akairudia arobaini na moja.

Nyaya saba zilikuwa zimekatiza mshono. Kwenye waya wa tano, pale pale ulipokutana na ukingo wa mshono, palikuwa na unene kidogo, kama fundo. Aliisogeza kwenye balbu. Akaigeuza. Waya hauna fundo.

Aliitundika pamoja na wenzake zikauke, kwa sababu hakujua afanye nini kingine.

Ofisini walikuwa wamesimama wote. Jamaldine ameitwa, yuko mlangoni, kofia mkononi. Alzira aliiweka ya bati tupu kwanza, bila karatasi nyeusi, na Aurélio akainama. Akaangalia kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

"Haya," alisema hatimaye. "Bati halichomelewi."

Alzira akaweka mishono. Safari hii alitazama filamu nzima kwanza, kila moja, kidole kikipita ukingoni, ndipo akafunika. "Waya wa tano upo. Thelathini na nane, safi. Waya upo, thelathini na tisa, safi." Kalamu ikaandika. "Arobaini na moja, waya upo." Akasogeza lenzi, akaiondoa. "Safi. Arobaini na nne, waya upo, safi. Minne yote. Chefe, fundi wako hana kosa."

Jamaldine alifumba macho. Mlangoni wenzake waliokuwa wamejibanza kusikiliza walianza kupiga makofi, mmoja akamtandika begani. Nazira alimwona mumewe anavuta pumzi ya kwanza tangu juzi, akaiona kabisa, mabega yakishuka. Angenyamaza tu. Kila mtu pale ndani alikuwa anataka anyamaze, hata Aurélio, ambaye alikwisha kuchukua chaki.

"Dona," alisema. Nazira akasogea mezani. "Dona, arobaini na moja. Kwenye waya wa tano."

"Waya nimeuona."

"Umeona waya na kitu kingine. Chini yake. Kwenye ukingo wa mshono."

Makofi yakaisha. Alzira alirudisha filamu mezani, akaweka lenzi, akainama mpaka nywele zikagusa kioo. Chumba kizima kikawa kinasikia kifua chake kinavyokoroma kwa pumu. Alichukua rula ndogo, akapima, akapima tena.

"Ni tungsteni," alisema. "Imejibanza kwenye kivuli cha waya. Mimi nimeshaipitisha." Akainua kichwa. "Imezidi kipimo. Kidogo, lakini imezidi."

Aurélio alimgeukia Nazira. Kwa mara ya kwanza tangu amfahamu alikuwa anamtazama yeye, si mke wa mtu. "Hata dona hakuiona. Wewe kwa nini umesema?"

"Kwa sababu ipo, chefe."

Nazira hakuthubutu kumtazama mumewe. Alitazama vidole vyake vilivyokunjamana kwa maji. Alisikia hatua za mumewe zikija mezani, zikasimama.

"Naomba nione," alisema Jamaldine. Alipewa lenzi. Alitazama, akashusha pumzi. "Ilikuwa siku ya upepo. Turubai liliinuka, nikajikunja. Nilihisi sindano imepapasa, nikajiambia haijagusa, nikaendelea. Halafu nikaja kuapa mbele ya watu." Akaweka lenzi chini. "Hiyo ni yangu. Naomba jiwe la kusagia chuma, nikaitoe."

Aurélio alisimama na chaki yake mkononi. Alitoka nje akawapita waliojibanza, akaenda ubaoni, akaandika kumi na saba kwenye nafasi yake, akaikoleza mara mbili mpaka chaki ikavunjika. "Moja tu," alisema bila kugeuka. "Mshono mmoja ni wa kurekebisha, si wa kufukuzwa. Na hiyo mitatu sasa nimeiamini."

Alzira alikuwa anaandika. "Nazira, barua ya onyo utaipata, usifikiri nimesahau. Utaitia saini leo."

"Nitaitia, dona."

"Na mchana ukimaliza kula uje hapa. Kuna filamu sitini. Tutazisoma wawili."

Nje, jiwe la kusagia lilikwisha kuanza kulia juu ya bomba la arobaini na moja. Jamaldine alilikata kosa lake taratibu, cheche zikimrukia miguuni, watu wamemzunguka, dona Alzira kati yao, na safari hii hakuna aliyecheka. Alipofika mwisho alipuliza vumbi, akapapasa shimo kwa kidole, akavaa kofia. Aurélio alikuwa amesimama nyuma yake na daftari.

"Picha yake itapigwa leo jioni," alisema. "Dona Alzira, filamu atapakia nani?"

"Mke wangu," alijibu Jamaldine kabla dona hajafungua mdomo, akashusha kioo, akawasha moto.